Ruta Haikati Pakiti: Hotuba ya Kugawa Laini kwa Foleni Maalumu

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mafundi wa mitandao jijini Nairobi. Imewekwa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Michoro ya ukutani imeachwa, na amri za ruta zimeandikwa kama zinavyochapwa.

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, hamjambo.

Nianze na swali. Laini ya ofisi ikijaa, anayeumia kwanza ni nani? Ni yule anayepakua faili kubwa? Hapana. Faili yake inaendelea kushuka, na huenda mwenyewe ameshakwenda kunywa chai. Anayeumia ni karani wa kaunta. Amebonyeza kitufe, ombi la baiti 200 limeondoka, na sasa anatazamana na mteja huku skrini imeganda. Jibu lake dogo limesimama nyuma ya pakiti (vipande vya data) 40 kubwa katika foleni moja, kwa sababu ruta, kifaa kinachoelekeza pakiti kwenye laini, imeambiwa aliyetangulia kufika ndiye atakayetangulia kuondoka. Pakiti 40 za baiti 1500 ni baiti 60,000. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo laini ya kilobiti 512 hupitisha baiti 64,000 kwa sekunde. Kwa hiyo karani anangoja karibu sekunde nzima kila anapobonyeza, siku nzima, na nyuma ya mteja mmoja wako wengine kumi. Hakuomba kikubwa huyu. Aliomba zamu tu.

Leo tunazungumzia zamu.

Wapo watakaosema: basi karani apewe kipaumbele, apite mbele ya wote daima. Ruta za kampuni ya Cisco zina mpango huo, wa foleni nne: ya juu, ya kati, ya kawaida na ya chini. Foleni ya chini haiguswi mpaka zilizo juu yake ziwe tupu. Mpango huo ni mzuri hadi mwisho wa mwezi unapofika. Chukulia SACCO yenye makao makuu hapa Nairobi na tawi Machakos. Mfumo wa akiba na mikopo umewekwa foleni ya juu. Tarehe 30 mhasibu wa tawi anavuta ripoti ya mwezi mzima kupitia mfumo uleule, kwenye poti ileile, yaani namba inayotambulisha huduma. Ruta haijui kwamba hii ni ripoti na wala si mteja wa kaunta. Foleni ya juu haiishi. Je, barua pepe itapita saa ngapi? Haitapita. Je, wavuti? Haitapita. Si kwamba zimecheleweshwa. Zimenyimwa kabisa, na ruta haikukosea. Imetii kilichoandikwa.

Foleni maalumu, ambazo Cisco waliziita custom queuing, zilibuniwa ili asinyimwe mtu. Zilitoka enzi ambapo laini moja nyembamba ilibeba IP, IPX, AppleTalk na DECnet kwa pamoja, na kila itifaki, yaani kila lugha ya mtandao, ikitaka fungu lake. Leo hizo nyingine zimeiachia IP nafasi, lakini ugomvi haukuisha. Ulihamia kwenye poti.

Sasa nipeni akili zenu kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea. Mzunguko wa Nyayo Stadium mnaujua. Kuna magari ya Mombasa Road, ya Lang'ata Road, ya Uhuru Highway. Afisa wa trafiki amesimama katikati, anafungulia barabara moja, anaifunga, anahamia ya pili, anaifunga, anahamia ya tatu, kisha anarudi mwanzo. Hiyo ndiyo kazi ya ruta. Ina foleni 16 unazoweza kuzipanga, kuanzia namba 1 hadi 16, na inazizungukia kwa zamu. Iko na nyingine, namba 0, ambayo ni ya mfumo wenyewe: salamu ambazo ruta hutumiana kuambiana kwamba bado ziko hai. Hiyo huhudumiwa kwanza kila mara, kama ambulensi.

Sasa, afisa wetu anajuaje wakati wa kufunga barabara? Haangalii saa. Anapima urefu wa magari yaliyopita. Tuseme ameamua kila barabara ipitishe mita 5, ndipo ahamie nyingine. Ni haki, sivyo? Mita 5 kwa 5 kwa 5. Lakini barabara ya kwanza imejaa trela za mita 17, ya pili matatu za mita 7, ya tatu bodaboda za mita 2. Trela ya kwanza inaingia mzungukoni. Mita 5 zimepita, kichwa kimeshaingia, tela bado. Je, afisa ataikata trela katikati? Hawezi. Itapita yote, mita 17. Barabara ya pili itapitisha matatu moja, mita 7. Ya tatu itapitisha boda tatu, mita 6. Jumla mita 30. Trela zimechukua asilimia 57, matatu 23, boda 20. Na afisa anaapa kwamba amegawa sawa!

Ruta haikati pakiti. Naomba mlishike hilo neno kwa sababu hesabu zote zinazofuata zimesimama juu yake. Ruta haikati pakiti. Ukiandika kwamba foleni ipewe baiti 100 na pakiti zake ni za baiti 1500, kila zamu itapitisha 1500, kwenye programu za Cisco IOS zilizotangulia toleo la 12.1. Ile 100 ni kizingiti cha kusimamia, nayo husimama baada ya pakiti nzima kupita.

Dawa ni nini? Afisa aongeze kipimo. Akisema mita 170 kila barabara, trela 10 zinapita, mita 170 kamili. Matatu 25 zinapita, mita 175. Boda 85, mita 170. Hapo mgawo umekaribia kuwa sawa kabisa. Lakini mwenye boda sasa anangoja mita 345 za magari ya wengine zipite kabla zamu yake haijarudi. Kwa hiyo kipimo kidogo kinapotosha mgawo na kipimo kikubwa kinarefusha kungoja. Fundi wa foleni maalumu anaishi kati ya hayo mawili, na hakuna namba moja inayofaa kila mahali.

Turudi kwenye SACCO yetu. Laini ya Machakos ni kilobiti 512. Wakubwa wamesema mfumo wa akiba upate asilimia 50, wavuti 30, na barua pepe pamoja na mengine yote 20. Asilimia hizo huwezi kuziandika kwenye ruta hii, kwa sababu inajua baiti tu. Inabidi uzitafsiri, na huwezi kuzitafsiri bila kujua ukubwa wa wastani wa pakiti za kila kundi. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na laini ni mali. Kwa hiyo pima kwanza. Kwenye kiolesura (mlango wa ruta) cha upande wa ofisi weka amri hii, halafu usome jedwali:

ip route-cache flow
show ip cache flow

Jedwali hilo lina safu inayoonyesha wastani wa baiti kwa kila pakiti, itifaki kwa itifaki. Pima saa za kazi, kati ya saa nne na saa sita asubuhi, na siku ya mwisho wa mwezi. Usipime Jumapili, maana Jumapili laini haina la kusema.

Tuseme umepata hivi: mfumo wa akiba baiti 300, wavuti baiti 1200, barua pepe na mengine baiti 800. Sasa chukua kila asilimia uigawe kwa ukubwa wa pakiti. 50 kwa 300 ni 0.1667. 30 kwa 1200 ni 0.025. 20 kwa 800 ni 0.025. Gawa zote kwa iliyo ndogo: unapata 6.67, 1 na 1. Hizo ndizo pakiti za kila zamu. Lakini pakiti sita na theluthi mbili zipo wapi? Hazipo, ruta haikati pakiti. Pandisha hadi namba nzima: 7, 1, 1. Zidisha tena kwa ukubwa: baiti 2100, 1200 na 800. Jumla 4100. Angalia mgawo: asilimia 51.2, 29.3 na 19.5. Kwangu mimi hiyo inatosha, na katika ofisi nyingi hakuna atakayeona tofauti.

Lakini kuna bosi anayetaka 50 kamili. Sawa. Kabla ya kupandisha, zidisha zote mara tatu: 20, 3, 3. Baiti zinakuwa 6000, 3600 na 2400, jumla 12,000, na mgawo ni 50, 30, 20 bila kasoro. Gharama yake? Foleni ya karani ikikosa zamu kidogo tu, itangoja baiti 3600 na 2400 za wengine, yaani 6000. Kwenye kilobiti 512 hiyo ni milisekunde 94. Karani hataona. Ila mpangilio uohuo ukinakiliwa kwenye tawi lenye kilobiti 64, baiti 6000 ni robo tatu ya sekunde! Kule utumie ule mdogo, ambao wengine ni baiti 2000 tu, robo ya sekunde. Mnaona kwa nini mtu asinakili faili ya mipangilio kutoka tawi moja hadi jingine? Namba zilezile zinazomfaa wa Machakos zitamtesa mwingine.

Mpangilio wenyewe ni huu:

queue-list 1 protocol ip 1 tcp 1433
queue-list 1 protocol ip 2 tcp 80
queue-list 1 protocol ip 2 tcp 443
queue-list 1 default 3
queue-list 1 queue 1 byte-count 6000
queue-list 1 queue 2 byte-count 3600
queue-list 1 queue 3 byte-count 2400
interface Serial0/0
 custom-queue-list 1

Poti 1433 nimeitumia kwa sababu hifadhidata ya SQL Server husikiliza hapo. Ninyi wekeni ya mfumo wenu. Poti hulinganishwa iwe ya chanzo au ya kule pakiti inakokwenda, kwa hiyo mstari mmoja unakamata maombi na majibu. Msiposema lolote kuhusu baiti, kila foleni hupewa 1500.

Ruta husoma mistari ya kuainisha kutoka juu kwenda chini na huishia pale pakiti inapolingana kwa mara ya kwanza. Kosa linalojirudia ni mtu kuandika juu kabisa mstari unaokamata IP yote, halafu chini yake mistari mizuri ya poti. Mistari hiyo mizuri haitasomwa kamwe. Mahususi juu, ya jumla chini. Na ule mstari wa foleni ya wasio na kwao (default) usiuache, maana usipoutaja, kila kisicholingana hutupwa kwenye foleni namba 1, palepale kwa karani.

Jambo jingine ni urefu wa foleni. Kila foleni hubeba pakiti 20, na ya 21 hutupwa. Fundi akiona pakiti za wavuti zinatupwa, mkono wake unakimbilia kuongeza hadi 40. Ngoja kwanza. Pakiti 40 za baiti 1200 ni baiti 48,000. Wavuti ina asilimia 30 ya laini, yaani baiti 19,200 kwa sekunde wakati wa msongamano. Pakiti ya mwisho katika foleni hiyo itangoja sekunde mbili na nusu! Kutupwa mapema kuna faida yake, kwa sababu mtumaji wa TCP, itifaki ambayo mpokeaji huthibitisha kilichofika, akikosa kithibitisho hupunguza kasi. Ukimficha ndani ya foleni ndefu, hajui kama kuna shida, na anaendelea kumimina. Ongezeni urefu pale tu trafiki inapokuja kwa mafungu mafupi, na hata hapo kwa kiasi.

Kuna pia malalamiko haya: nimeipa itifaki asilimia 50 na inatumia 10, ruta ni mbovu. Huenda ruta ni nzima. Angalia dirisha la itifaki hiyo, yaani kiasi inachoweza kutuma kabla ya kungoja kithibitisho. Ikiwa inatuma pakiti moja kisha inangoja kithibitisho ndipo itume ya pili, foleni yake ina pakiti moja tu kila zamu inapofika. Ungeipa hata baiti 10,000, itapitisha hiyo moja, na nafasi iliyobaki itakwenda kwa wengine. Zamu haihifadhiwi kwa asiyekuwepo. Jambo hilo ni jema, maana laini hailali bure, lakini lazima ulijue kabla ya kulaumu mtambo.

Sasa niende kwenye jambo ambalo kwa hapa Nairobi naliona kubwa kuliko hesabu zote hizi: mnaweka foleni wapi?

Foleni maalumu hufanya kazi kwenye pakiti zinazotoka kwenye kiolesura, si zinazoingia. Kwa hiyo zinazokwenda Machakos zinapangwa na ruta ya Nairobi, na zinazotoka Machakos zinapangwa na ruta ya Machakos. Na msidhani orodha ni moja. Kwenda tawini, pakiti za wavuti ni kubwa kwa sababu ni kurasa. Kurudi Nairobi, wavuti hiyohiyo ni vithibitisho vidogo vya baiti 40. Wastani ni tofauti, hesabu ni tofauti. Pimeni pande zote mbili.

Halafu foleni hizi huamka pale tu kiolesura kinapojaa. Zamani laini ya seriali ya kilobiti 512 iliingia moja kwa moja kwenye ruta, na ruta ilijua imejaa. Siku hizi mtoa huduma anakuletea faiba, anaweka kisanduku chake ukutani, anakupa waya wa Etheneti wenye megabiti 100 au gigabiti nzima, na umelipia megabiti 10. Ruta yako inaona barabara pana isiyo na gari. Haijengi foleni yoyote. Pakiti zinakimbilia kwenye kile kisanduku, zinasongamana huko, zinatupwa huko, bila kuulizwa nani ni karani na nani anapakua filamu. Utaandika orodha nzuri kuliko zote Afrika Mashariki, na hesabu zake zitabaki sifuri. Afisa wa trafiki umemweka Athi River, na msongamano uko Nyayo!

Lazima uhamishe msongamano uje kwako. Ubane kasi ya kutoka iwe chini kidogo ya uliyolipia, ili foleni ijengeke ndani ya ruta yako mwenyewe. Kwenye ruta za sasa za Cisco kazi hiyo hufanywa kwa sera mbili, moja ndani ya nyingine:

access-list 110 permit tcp any eq 1433 any
class-map match-all MFUMO
 match access-group 110
policy-map GAWA
 class MFUMO
  bandwidth percent 50
policy-map NJE
 class class-default
  shape average 9500000
  service-policy GAWA
interface GigabitEthernet0/0
 service-policy output NJE

Hapa asilimia inaandikwa kama asilimia, na ruta inafanya hesabu yenyewe. Huu ndio mtindo uliorithi nafasi ya foleni maalumu, na kwenye vifaa vipya mtaukuta badala ya ile orodha ya zamani. Wazo la kukumbuka nani alibakiza sehemu ya haki yake zamu iliyopita ili aongezewe zamu ijayo lilichapishwa mwaka 1995 na Shreedhar na Varghese, nalo ndilo lililotibu ugonjwa wa trela bila kuhitaji vipimo vikubwa. Lakini aliyefanya hesabu ya baiti kwa mkono wake anaelewa ruta mpya inafanya nini gizani, na ikikosea anajua pa kugusa.

Na sauti? Simu za ofisini msiziweke kwenye foleni za zamu. Mzunguko wetu wa baiti 12,000 kwenye kilobiti 512 ni milisekunde 187, na mapendekezo ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ni kwamba maneno yafike ndani ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Sauti ipewe amri ya priority yenye kikomo, ili ipite mbele bila kumnyima mwingine.

Nina jambo moja la historia, kisha nimalize na ukaguzi. Kabla ya mwaka 2000, barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine iliyo mtaa wa pili, lakini kwa mtoa huduma tofauti, ilipanda setilaiti, ikashuka ng'ambo, ikapanda tena, ikarudi Nairobi. Setilaiti iko kilomita 36,000 juu. Kupanda na kushuka mara moja ni karibu robo sekunde, na hapo ni mara mbili. Laini ya ng'ambo iliyokuwa ghali kuliko vyote ilijazwa na mazungumzo ya majirani. Mwaka huo watoa huduma walifungua KIXP, kituo cha kubadilishana trafiki hapa Nairobi. Kikafungwa kwa amri ya msimamizi wa mawasiliano baada ya malalamiko, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Hakikugawa laini ya ng'ambo upya. Kiliondoa humo trafiki isiyokuwa na haja ya kupita humo. Basi kabla hujakaa na karatasi ya asilimia, uliza: je, masasisho ya kompyuta 30 za tawi ni lazima yavuke laini mara 30? Seva moja pale Machakos ikiyavuta mara moja usiku, utakuwa umetoa laini nafasi ambayo foleni yoyote haiwezi kuiumba.

Ukaguzi, basi. Ukishaweka orodha, tumia amri hizi:

show queueing custom
show interfaces Serial0/0

Ya pili inaonyesha kila foleni na namba tatu: pakiti zilizomo, kikomo, na zilizotupwa. Ziangalie saa tano asubuhi ya siku yenye kazi. Zote zikiwa sifuri, ama laini haijajaa au msongamano uko mahali pengine, na mmeshajua pa kutafuta. Namba 1 ikitupa huku namba 2 na 3 hazitupi, asilimia ya karani ni ndogo au kuna ripoti inayopita kwenye poti yake. Itenganishe kwa anwani ya mashine ya mhasibu na uihamishe foleni ya 4, yenye baiti zake. Hali ikiharibika katikati ya kazi, ingia kwenye kiolesura uandike no custom-queue-list 1, na laini ya seriali isiyozidi megabiti 2 itarudi kwenye foleni yake ya kawaida inayogawa kwa uzani. Makarani wataendelea kufanya kazi wakati wewe unarudia hesabu.

Wenye maswali, karibuni mbele na vipimo vyenu.